Kidhibiti joto na hita katika matangi ya vifaranga vya samaki: matumizi salama kwa wafugaji wa Kibaha na Kisarawe

Msimu wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, ndicho kipindi kinachompima mzalishaji wa vifaranga vya samaki katika Mkoa wa Pwani. Mchana jua huwaka kama kawaida, lakini usiku joto la hewa katika ukanda huu huweza kushuka hadi karibu nyuzi 18 au 19 za Selsiasi. Bwawa kubwa lililochimbwa ardhini huyavumilia mabadiliko hayo, kwa kuwa maji mengi hupoa taratibu. Tangi la plastiki la lita 200 lililowekwa bandani halina uvumilivu huo. Ifikapo alfajiri, maji yake huwa yamekaribia joto la hewa inayolizunguka.

Hali hiyo huwagusa wafugaji wa Kibaha, makao makuu ya mkoa, sawasawa na wale wa Kisarawe, ambako mji wenyewe umekaa kwenye mwinuko wa Milima ya Pugu. Anayetotoa kambale au sato katika miezi hiyo hulazimika kuyapasha maji moto kwa hita ya umeme, na ili joto lisizidi wala kupungua, hita hiyo huunganishwa na kidhibiti joto. Vifaa hivyo viwili vikitumika ipasavyo huokoa kizazi kizima cha vifaranga. Vikitumika vibaya, huweza kuua samaki wote kwa usiku mmoja, kuunguza banda au kumuua mtu anayetia mkono majini.

Makala haya yanaeleza namna kidhibiti joto kinavyofanya kazi, namna kinavyoharibika, na hatua ambazo mfugaji anapaswa kuchukua ili uharibifu wa kifaa kimoja usigeuke kuwa maafa. Vipimo vyote vya joto vimetolewa kwa nyuzi za Selsiasi.

Kwa nini joto la maji lidhibitiwe

Samaki hana joto lake mwenyewe la kudumu kama kuku au ng'ombe. Mwili wake hufuata joto la maji, na kasi ya ukuaji wa kiinitete ndani ya yai hufuata joto hilohilo. Kambale anayezalishwa kwa njia ya sindano ya homoni hudhihirisha jambo hili waziwazi. Katika maji ya nyuzi 30, mayai ya jike huwa tayari kukamuliwa takriban saa 7 baada ya sindano. Katika nyuzi 25 husubiriwa takriban saa 11, na katika nyuzi 20 kusubiri huko hufikia saa 20 au zaidi. Mfugaji asiyejua joto la maji yake hawezi kujua saa ya kukamua, na mayai yaliyokamuliwa mapema au kwa kuchelewa hupoteza uwezo wa kurutubishwa.

Baada ya kurutubishwa, mayai yaliyo katika maji ya nyuzi 28 huanguliwa kwa takriban siku moja. Maji yakiwa na nyuzi 20, kazi hiyo huchukua zaidi ya siku mbili, na muda huo wa ziada ndio unaoipa kuvu nafasi ya kuyashambulia mayai. Kwa kambale na sato, joto la kati ya nyuzi 26 na 30 ndilo linalofaa zaidi katika hatua za utotoaji na ulezi wa vifaranga wachanga.

Joto likizidi, hatari huja kwa njia mbili. Kwanza, mwili wa kifaranga huhitaji hewa nyingi zaidi ya oksijeni. Pili, maji yenyewe hubeba oksijeni kidogo zaidi kadiri yanavyopata moto. Lita moja ya maji baridi yasiyo na chumvi, katika nyuzi 25, huweza kubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni. Katika nyuzi 35 kiasi hicho hushuka hadi karibu miligramu 6.9. Kwa hiyo vifaranga katika tangi lililopata moto kupita kiasi huanza kukosa pumzi hata kabla joto lenyewe halijawaua.

Namna kidhibiti joto kinavyofanya kazi

Kidhibiti joto kina sehemu tatu. Ya kwanza ni kihisi, yaani kipande kidogo mwishoni mwa waya mwembamba kinachotumbukizwa majini. Ya pili ni saketi inayolinganisha joto lililopimwa na joto lililopangwa na mfugaji. Ya tatu ni rilei, swichi inayofunguka na kujifunga kwa nguvu ya sumaku, ambayo huupeleka umeme kwenye hita au kuukata.

Tuseme mfugaji amepanga nyuzi 28 na kuweka tofauti ya nyuzi 1. Maji yakifika nyuzi 28, rilei hukata umeme. Maji yakipoa hadi nyuzi 27, rilei huurudisha. Tofauti hiyo ina umuhimu wake. Ikiwa ndogo mno, rilei itawaka na kuzima mara nyingi kila saa, na ncha zake zitachakaa mapema. Ikiwa kubwa mno, vifaranga watapitia mabadiliko ya joto yasiyo ya lazima. Kwa matangi mengi ya kutotolea, tofauti ya nusu nyuzi hadi nyuzi moja inatosha.

Vidhibiti vingi vinavyouzwa madukani vinaweza kusimamia kupasha moto na kupoza pia. Hapo ndipo kosa la kwanza hutokea: kifaa hubaki katika mpangilio wa kupoza, au hita huunganishwa kwenye tundu la kupozea. Matokeo yake ni kinyume cha yanayokusudiwa. Maji yakizidi kuwa moto, kidhibiti huiwasha hita badala ya kuizima. Mfugaji anapaswa kuhakikisha kwa macho kwamba joto lililopangwa likishushwa chini ya joto la maji, taa ya hita inazimika.

Ukubwa wa hita ndio kinga ya kwanza

Kila rilei ina siku yake ya kushindwa. Ncha zake huunguzwa kidogo kidogo na cheche kila inapowaka na kuzima, hadi siku moja hugandana na kubaki zimeshikana. Siku hiyo kidhibiti huweza kuonesha kwenye kioo chake kwamba hita imezimwa, huku umeme ukiendelea kupita. Swali la msingi, basi, ni nini kitatokea kwa tangi usiku huo.

Jibu linategemea ukubwa wa hita. Kupandisha joto la lita 200 za maji kwa nyuzi 1 huichukua hita ya wati 200 takriban dakika 70, hata kama tangi halipotezi joto lolote. Rilei ikigandana saa 4 usiku maji yakiwa na nyuzi 28, hadi saa 12 asubuhi maji hayo hayawezi kufika nyuzi 35. Kwa kuwa tangi hupoteza joto usiku kucha, kwa kawaida yatakuwa chini zaidi ya hapo. Vifaranga watataabika, lakini mfugaji anayeamka mapema ana nafasi ya kuwaokoa.

Hita ya wati 1,000 katika tangi hilohilo hupandisha nyuzi 1 kwa takriban dakika 14. Ndani ya saa tatu hadi nne maji yanaweza kufika nyuzi 40, joto ambalo hakuna kifaranga wa kambale wala sato anayelistahimili. Mfugaji akiamka atakuta tangi zima limekufa.

Kwa mazingira ya Kibaha na Kisarawe, ambako maji hayahitaji kupandishwa zaidi ya nyuzi 10 hata katika usiku wa baridi, wati moja kwa kila lita moja ni kipimo kinachotosha ikiwa tangi limefunikwa. Ni bora zaidi kutumia hita mbili za wati 100 kuliko moja ya wati 200. Moja ikiungua, nyingine itapunguza kasi ya maji kupoa hadi hitilafu igundulike.

Kuna kifaa kimoja kinachopaswa kuepukwa kabisa katika matangi ya samaki, nacho ni hita ya chuma inayotumiwa majumbani kuchemshia ndoo ya maji ya kuoga. Hita hiyo ina nguvu kubwa, haikutengenezwa kukaa majini usiku kucha, mara nyingi haina themostati, na nyingine hazina hata waya wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Aidha, zile zenye shaba huweza kuachia madini hayo majini, na shaba ni sumu kwa samaki.

Uwezo wa kidhibiti nao uangaliwe. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230, hivyo hita ya wati 200 huvuta chini ya ampia 1, na hita za jumla ya wati 2,000 huvuta karibu ampia 9. Kidhibiti kilichoandikwa ampia 10 hakipaswi kubebeshwa mzigo unaokaribia kikomo hicho kwa saa nyingi mfululizo. Kukibebesha nusu ya uwezo wake, au chini ya hapo, hurefusha maisha ya rilei.

Kufuli mbili katika mlango mmoja

Hita nzuri ya tangi la samaki huwa na themostati yake ndani. Baadhi ya wafugaji, wakishanunua kidhibiti cha nje, huizungusha themostati hiyo hadi mwisho kwa kudhani kwamba haina kazi tena. Kufanya hivyo ni kuitupa kinga ya pili.

Utaratibu unaofaa ni kupanga themostati ya hita nyuzi 1.5 hadi 2 juu ya kidhibiti. Kidhibiti kikipangwa nyuzi 28, hita ipangwe karibu nyuzi 30. Katika siku za kawaida kidhibiti ndicho kitakachofanya kazi, kwa kuwa joto halitafika kiwango cha themostati. Siku rilei itakapogandana, themostati itaizima hita maji yakifika nyuzi 30, joto ambalo vifaranga bado hulivumilia. Ili maafa yatokee, vifaa vyote viwili vitapaswa kuharibika kwa wakati mmoja, jambo lisilotokea kwa urahisi.

Hata hivyo, hita yenye vitufe na kioo cha namba inahitaji kuchunguzwa kwanza. Baadhi ya hita za aina hiyo zikikatiwa umeme haziwaki zenyewe unaporudi, au husahau joto zililopangiwa. Hita ya namna hiyo haifai kuwekwa nyuma ya kidhibiti cha nje. Kuichunguza ni rahisi: plagi ichomolewe, ichomekwe tena, na itazamwe kama hita inaendelea na kazi ileile bila kubonyezwa chochote.

Mahali pa kuweka kihisi

Kidhibiti hujua tu kile ambacho kihisi chake kinagusa. Kihisi kikichomoka majini na kuning'inia hewani usiku wa kipupwe, kitapima nyuzi 19, na kidhibiti kitaendelea kuiwasha hita bila kukoma kikiamini kwamba maji ni baridi. Hapo kifaa hakijaharibika. Kinatii taarifa ya uongo.

Kwa sababu hiyo kihisi kifungwe imara kwa kamba ya plastiki au kishikizo, kina cha katikati ya maji, mbali na hita, na mahali ambapo maji yanazunguka. Waya wake usipite pale ambapo mtu anayebadilisha maji au kuchota vifaranga anaweza kuuvuta. Kihisi kikiwekwa karibu mno na hita, kidhibiti kitazima mapema na upande wa pili wa tangi utabaki baridi. Pampu ya hewa iwe inafanya kazi muda wote, kwa kuwa ndiyo inayochanganya maji ya moto na ya baridi.

Kila tangi linahitaji kihisi na kidhibiti chake. Kuendesha hita za matangi matatu kwa kihisi kilicho katika tangi moja ni kubahatisha, kwa sababu tangi lililo karibu na mlango hupoa tofauti na lililo katikati ya banda.

Umeme na maji

Hatari kubwa kuliko zote ni ya mtu. Maji na mwili uliolowa hurahisisha kupita kwa umeme, na anayetia mkono katika tangi lenye hita iliyopasuka, huku amesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji, anaweza kupoteza maisha. Hatua zifuatazo ni za lazima.

Plagi ya hita ichomolewe kabla ya mkono wowote kuingia majini. Kuzima kwenye kidhibiti pekee hakutoshi, kwa kuwa rilei huweza kuwa imegandana.

Nyaya za banda ziunganishwe kwenye ethi inayofanya kazi, na ziwekewe swichi inayokata umeme unapovuja, yenye kipimo cha miliampia 30. Swichi hiyo ina kitufe cha majaribio. Kibonyezwe kila mwezi, na isipokata, ibadilishwe.

Soketi na kidhibiti viwekwe ukutani, juu ya usawa wa maji na mbali na michirizi. Kila waya unaotoka majini uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuiingia, ili tone linaloteremka juu ya waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Nyaya za kurefushia zisilazwe sakafuni.

Hita isiwashwe ikiwa nje ya maji. Wakati wa kubadilisha maji izimwe na kuachwa ipoe kwa dakika 15 hadi 20 kabla kina cha maji hakijashuka. Kioo cha hita iliyo moto hupasuka kikikutana na hewa na kisha maji baridi.

Kidhibiti kinachouzwa bila kasha, chenye ncha za nyaya zilizo wazi, kifungwe ndani ya kasha la plastiki lisiloingia maji na fundi mwenye leseni. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ndiyo inayotoa leseni kwa mafundi wa mifumo ya umeme, na mfugaji ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla kazi haijaanza.

Mtu akipigwa na umeme, asishikwe kwa mikono. Umeme ukatwe kwanza kwenye swichi kuu. Ikishindikana, asogezwe kwa kijiti kikavu, kisha afikishwe haraka kwenye kituo cha afya. Moto ukizuka, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Umeme unapokatika

Tangi hukosa umeme kwa sababu ya hitilafu ya gridi au kwa sababu ndogo zaidi: uniti za LUKU zimekwisha usiku wa manane. Mfugaji anaweza kuiepuka sababu hiyo ya pili kwa hesabu. Hita za wati 200 zikiwaka nusu ya muda kwa saa 10 hutumia uniti 1. Anayejua idadi ya matangi yake anajua uniti anazohitaji hadi asubuhi, na huangalia mita kabla ya kulala.

Umeme ukikatika, hewa ndiyo ya kushughulikiwa kwanza, kwa kuwa vifaranga waliosongamana hukosa oksijeni kabla hawajaathirika kwa baridi. Pampu ndogo ya hewa ya betri iwe tayari wakati wote. Tangi lifunikwe na kuzungushiwa blanketi au godoro la sponji, kwa uangalifu kwamba kitambaa hakigusi hita wala soketi. Maji ya moto yasimiminwe moja kwa moja tangini. Yawekwe katika chupa zilizofungwa na kuelezwa juu ya maji.

Umeme urudipo, mfugaji athibitishe kwamba kidhibiti kimehifadhi joto lililopangwa. Iwapo maji yamepoa sana, yarudishwe kwenye joto lake taratibu.

Majaribio na kumbukumbu

Kidhibiti kipya kisianze kazi siku ya kutotoa. Kwanza kihisi kipimwe katika bilauri iliyojaa vipande vya barafu na maji kidogo, iliyokorogwa na kuachwa kwa dakika chache. Kinapaswa kuonesha nyuzi 0 au karibu nayo. Kikionesha nyuzi 1 zaidi, tofauti hiyo irekebishwe kwenye mpangilio wa kifaa. Kisha kilinganishwe na kipimajoto cha kawaida katika maji ya nyuzi 28, kwa kuwa hilo ndilo joto la kazi.

Baada ya hapo mfumo mzima uendeshwe kwa saa 24 katika tangi lenye maji bila samaki, usiku ukiwemo. Katika muda huo mfugaji achomoe kihisi kutoka kwenye kidhibiti, iwapo kinachomoka, na kuangalia kinachotokea. Kidhibiti kinachofaa hutoa ishara ya hitilafu na kuizima hita. Kinachoendelea kuipelekea umeme bila kihisi kisitumike.

Kipimajoto cha kawaida kibaki tangini daima, na kisomwe alfajiri, adhuhuri na kabla ya kulala. Namba hizo ziandikwe kwenye daftari. Joto linalopanda kwa nusu nyuzi kila siku, au hita inayochelewa kuzima, ni dalili ya rilei inayochoka, na daftari huionesha kabla vifaranga hawajaionesha. Kidhibiti kilichofanya kazi misimu miwili mfululizo kinastahili kubadilishwa kabla ya msimu wa tatu. Bei yake ni ndogo ikilinganishwa na thamani ya kizazi kimoja cha vifaranga.

Mahali pa kupata ushauri

Wafugaji wa Kibaha na Kisarawe wanaweza kuwaona maofisa uvuvi wa halmashauri zao kwa ushauri wa utotoaji na ulezi wa vifaranga. Mafunzo ya ukuzaji viumbe maji hutolewa na Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA), ambao una kampasi Mbegani, wilayani Bagamoyo, ndani ya mkoa huohuo. Nje ya mkoa, kipo kituo cha Serikali cha ukuzaji viumbe maji cha Kingolwira, mkoani Morogoro. Wanaonunua vifaa vya umeme wanashauriwa kuchagua vilivyothibitishwa ubora na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na kudai risiti.

Kidhibiti joto humpunguzia mfugaji mkesha, lakini hakimwondolei wajibu wa kutazama. Hita yenye ukubwa wa kiasi, themostati iliyopangwa juu kidogo ya kidhibiti, kihisi kilichofungwa imara, swichi inayokata umeme unaovuja na daftari la kumbukumbu ni mambo matano yanayoweza kukamilishwa kwa siku moja, kabla usiku wa kwanza wa kipupwe haujafika.